Duka la chaja na adapta pale Mwanga, Kigoma: maoni yangu baada ya safari tatu

Haya naandikia wenzangu wa Kigoma tunaovuka mipaka, iwe unapanda gari la Manyovu kwenda Bujumbura, iwe unavuka ziwa na boti kwenda Kalemie upande wa Congo, iwe umejichanga miaka miwili ukakata tiketi ya Guangzhou kule Uchina kama nilivofanya mimi, kabla hujafunga begi pita kwanza kwenye duka moja la chaja na adapta pale Mwanga. Halina bango. Lipo kwenye ile mistari ya vibanda vya simu karibu na soko, uliza mzee wa ubao, mtu yeyote atakuonyesha.

Wanamwita hivo kwa sababu mezani kwake kuna ubao wa mninga, urefu kama mkono wa mtu mzima, kaufungia soketi za nchi za watu kwa skrubu. Ya kwanza hii yetu ya matundu matatu bapa, inafuata ile ya matundu matatu ya mviringo ambayo nyumba nyingi za zamani hapa mjini bado zinayo, alaf ya Burundi, duara limezama ndani, matundu mawili na juu yake msumari wa chuma umechomoza, kisha ya Kichina yenye matundu yaliyokaa mshazari, mwisho ya Kimarekani, mipasuko miwili imesimama na kitundu cha duara chini yake. Nne za kwanza zina umeme. Ya Kimarekani hajaiunga kabisa, kaiacha ya kujaribia miguu tu, na juu yake kabandika kikaratasi kaandika kwa kalamu nyekundu HAINA UMEME. Nilipomuuliza kwa nini akanambia mwanangu tundu naweza kuliweka, umeme wa kule sina, nikiweka wa kwetu kwenye tundu lao nitamuunguzia mtu kitu chake. Nikatulia hapo nikamsikiliza.

Sasa nieleze nilifikaje kwake, maana sikwenda kwa akili, nilipelekwa na woga.

Mi nauza vitenge. Bujumbura naenda karibu kila mwezi. Safari moja nilipita barabarani nikanunua adapta kwa machinga, elfu tatu, akaniambia hii ni ya dunia nzima dada. Nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. Nikafika gesti Bujumbura, jina sitaji, ile soketi yao ya duara adapta inaingia lakini haikazi, inaning'inia, nikakunja karatasi ya risiti nikaiweka chini yake ili ishike. Ikashika. Nikachomeka ekstensheni yangu, kwenye ekstensheni nikaweka chaja ya simu, alfajiri saa kumi na moja nikaongeza na pasi ndogo ninyooshe gauni niwahi sokoni. Nimeinama nanyoosha nikasikia harufu, ile harufu ya plastiki ambayo ukishaisikia mara moja hutaisahau, kugeuka adapta imekuwa laini kama mkate uliomwagikiwa chai, inateremka ukutani, na ile karatasi ya risiti imeanza kuwa nyeusi pembeni na godoro liko hapo hapo, upana wa kiganja tu. Sikuwa na akili ya kutafuta swichi na hata ningetafuta hamna, soketi za kule nyingi hazina swichi kama zetu. Nikavuta waya wa ekstensheni kwa nguvu zangu zote. Chumba cha pili kulikuwa na mama na mtoto mchanga. Mpaka leo nikikumbuka yule mtoto alivokuwa analia usiku ule napata baridi.

Nikalipa soketi ya watu, nikarudi Kigoma na ile adapta iliyoyeyuka kwenye mfuko wa nailoni, sijui hata kwa nini niliibeba. Shoga yangu ndo akanipeleka kwa mzee.

Mzee aliichukua hakunicheka. Akaipasua kwa bisibisi akanionyesha ndani: vibati vya shaba vyembamba kama bati la kopo la maziwa, vimeachana, vyeusi. Akasema umeme ukipita mahali palipolegea pale pale panapata moto, kadri unavovuta umeme mwingi ndo moto unazidi, simu peke yake ingekuvumilia miezi, pasi ndo imemaliza kazi. Alaf akaniuliza fyuzi iko wapi humu? Haikuwepo. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, kile kijidude kama kidonge cha kauri, ya ampia 3 au 5 au 13, mambo yakizidi kinakatika chenyewe kabla waya haujaungua. Plagi za Burundi hazina hicho kitu, kwaio kama adapta yako nayo haina umebaki na Mungu tu na ile breka ya ukutani, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, kama mwenye gesti aliiweka.

Hapo sasa ndo duka lake linapotofautiana na maduka mengine yote niliyopita mjini. Kwingine ukiuliza adapta unaambiwa bei. Yeye swali la kwanza ni unaenda wapi, la pili nipe chaja yako niisome. Bei inakuja ya tatu. Ana lenzi ya kushika mkononi, anaiweka juu ya yale maandishi madogo ya kwenye chaja ambayo mi toka nizaliwe sikuwahi kuyasoma, alaf anakupa na wewe usome mwenyewe kwa sauti. Kama huoni vizuri anamwita kijana wake akusomee. Neno unalotafuta ni INPUT. Mbele yake kama imeandikwa 100-240V na 50/60Hz, hiyo chaja inazunguka dunia nzima, inakula umeme wowote, we tafuta tundu tu la kuingilia. Chaja za simu na za laptopu nyingi sana ziko hivo. Kama imeandikwa 120V peke yake, au 220-240V peke yake, hapo simama.

Maana adapta, na hili naomba mlishike kama mlivyoshika namba ya Luku, adapta haibadilishi umeme. Inabadilisha umbo la miguu basi. Umeme wetu hapa ni volti 230, Burundi na Congo ni 220, Zambia 230, Uchina 220, hapo kote ni majirani tu hamna shida. Marekani ni 120, Japani 100. Ukitoka huku na kitu cha 230 ukakichomeka Marekani kitafanya kazi kwa uvivu au kisiwake kabisa. Ukitoka kule na kitu cha 120 ukakichomeka huku kinakufa.

Na hili tumeliona kwa macho. Kuna dada yetu mmoja walikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, familia yao ikachukuliwa kwenda kuishi Marekani, akaja kutusalimia, kabeba pasi ya nywele nzuri kweli ya rangi ya zambarau. Ana na adapta yake, ya maana sio ya machinga. Kachomeka nyumbani kwa mama yangu Gungu, ile pasi ikapata moto haraka tukafurahi, tukasema vitu vya Marekani bwana, haikupita hata dakika mbili ikatoa moshi, na fungu la nywele za mbele la mdogo wetu likabaki kwenye pasi. Mzee alipohadithiwa akachukua kalkuleta akatupigia hesabu, 230 gawanya kwa 120, jibu lizidishe kwa lenyewe, inakuja 3.67. Maana yake ile pasi ilikuwa inavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyotengenezewa. Vitu vya kupasha moto ndo vinaongoza kwa hili, pasi za nywele, draya, majagi ya umeme, mashine za kunyolea za zamani pia. Kuna transfoma ya kushusha umeme anayo, kubwa kama tofali na nzito, lakini kwa pasi ya nywele alimshauri anunue tu nyingine ya huku, akasema kubeba kilo tatu za chuma kwa sababu ya nywele sio akili.

Haya, bidhaa yenyewe niliyonunua. Ni adapta ya mchemraba, inaenea kwenye kiganja, miguu unaisukuma kwa pembeni inatokea ya nchi unayotaka na ukitoa moja nyingine haiwezi kutoka, hicho ni kitu kizuri sana maana kuna zingine miguu yote inatoka na ukichomeka mmoja mwingine uko nje una umeme unaweza kuushika. Ina fyuzi ya ampia 8 na nyingine ya akiba imelala kwenye kichumba kidogo. Ina matundu mawili ya USB ya kawaida na moja la type C. Nilinunua elfu arobaini na tano. Najua wengi mtasema ghali, na mi nilisema. Ila kabla sijalipa mzee alichomeka kimita chake chenye kioo kidogo kati ya adapta na simu yangu, kwenye boksi imeandikwa wati 30, kimita kikasoma volti 9 na ampia 2.9, kwaio kama wati 26 hivi. Akaniambia mwanangu boksi linasema 30, mi nakupa 26, ukiweka simu mbili kwa pamoja inashuka zaidi, usije ukasema nilikudanganya. Ni nani mwingine mjini hapa anakupimia mbele yako alaf anakwambia kasoro ya kitu chake mwenyewe?

Na alinionyesha kitu kingine ambacho nataka mkione. Kapasua chaja mbili za simu, kwa nje zinafanana kama mapacha, maandishi yale yale, rangi ile ile. Ndani ya moja kuna nafasi wazi, ukingo kabisa kama barabara imekatwa katikati, upande huu umeme wa ukutani wa 230, upande ule umeme wa simu wa volti 5, na kati yao daraja ni katransfoma kadogo kamefungwa utepe wa njano. Ndani ya ile nyingine hamna nafasi, vipande vya solda vya upande huu na vya upande ule vinakaribia kugusana, unaweza kuziba pengo lao kwa unywele. Akasema hiyo siku ikipata unyevu au ikidondoka, ule umeme wa ukutani unatembea mpaka kwenye simu, na simu uko nayo sikioni. Chaja feki ukiipima mkononi mara nyingi ni nyepesi. Na kwenye plagi ya miguu mitatu angalia ule mguu mrefu wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kama ni wa chuma alaf kauvisha plastiki nyeusi shingoni kama ile miwili mingine, hiyo ni feki moja kwa moja, mguu wa ethi wa chuma hauvishwi. Tangu siku hiyo nimekagua plagi zote nyumbani, nimetupa mbili.

Alinisema pia kwa ile tabia yetu ya kijiti. Mnaijua wote, una chaja ya miguu miwili ya duara, soketi yetu imeziba, unachukua kijiti au kifuniko cha peni unakichomeka kwenye tundu la juu, mlango unafunguka, unaingiza. Ule mlango wa ndani umewekwa makusudi, mguu mrefu wa ethi ndo ufunguo wake, ili mtoto asiweke kidole wala msumari. Na ukiingiza miguu ya duara kwenye tundu la bapa inashika pembeni pembeni tu, tumerudi kwenye ile hadithi yangu ya kulegea na kupata moto. Adapta ya kutoka miwili kwenda mitatu anauza elfu mbili. Nilinunua nne, moja nikampelekea mama.

Safari ya Bujumbura iliyofuata nilienda na mdogo wangu wa kiume ana laptopu ya bodi ya chuma, na hapa ndo nikaona kasoro ya kwanza ya hii adapta. Haina njia ya ethi. Miguu mitatu ya chaja ya laptopu inaingia vizuri ila ule wa ethi hauendi popote. Akawa anaandika anasema dada hii kompyuta inanitambaa, nikaweka mkono kweli, ukipitisha kidole polepole juu ya chuma unahisi kama vidudu vinatembea. Tulivyorudi mzee akasema ni umeme kidogo sana unaovuja kutoka kwenye vichujio vya ndani ya chaja, kwa kawaida unashuka na ethi, ukikosa ethi unakaa kwenye bodi. Hauui ila sio wa kuzoea, na kama kitu kimeharibika kweli ethi ndo ingekuokoa. Kwaio Burundi sasa naenda na adapta nyingine ya elfu sita, ni ya kule tu, ina kitundu cha kupokea ule msumari wa ethi wa soketi yao. Imekaza, haining'inii, vidudu vimeisha. Kusema kweli kama we safari zako ni za Burundi tu usihangaike na hii ya elfu arobaini na tano, chukua ya elfu sita.

Kasoro ya pili ni uzito. Ukuta ukiwa na soketi iliyochoka inashuka yenyewe. Hapo nafanya hivi, naiweka kwenye ekstensheni sakafuni, juu ya vigae, sio kitandani na sio karibu na pazia, simu nayo hapo hapo chini. Nimeacha kabisa kulala na simu kwenye chaji chini ya mto.

Kalemie nilienda na boti ya mizigo, usiku kucha na mawimbi, simu ilirushiwa maji na nikataka kuichaji nilipofika. Mzee alishanikanya, tundu likiwa na maji usichomeke waya, ielekeze tundu chini, ipige upepo, subiri hata masaa kadhaa, usiingize pamba wala kijiti. Nikasubiri mpaka jioni. Jioni yenyewe gesti wakawasha jenereta, na sisi watu wa Kigoma jenereta hatufundishwi, tumeishi na umeme wa jenereta miaka na miaka kabla gridi ya taifa haijatufikia, tunajua taa zikianza kupumua umeme unapanda na kushuka. Nikachaji pawabenki kwanza, simu nikaichajia kwenye pawabenki, umeme ukiruka unapiga kitu cha elfu hamsini sio simu ya laki saba. Hiyo ni yangu mwenyewe, mzee hakunifundisha, nilivyomwambia akafurahi. Yeye alichonifundisha ni ukikatika chomoa, ukirudi hesabu dakika tano ndo uchomeke.

Guangzhou sasa. Hapo kwenye pawabenki ndo mzee kaniokoa hela. Nilikuwa nayo ya elfu thelathini mAh, nzito, naipenda. Akaniambia eapoti wanahesabu kwa wati-saa, yaani nishati yote iliyomo kwenye betri, sio ile mAh inayoandikwa kwenye pawabenki, na hesabu yake ni nyepesi, mAh zidisha kwa 3.7 gawanya kwa 1000. Ya kwangu ikaja wati-saa 111. Mpaka 100 unapita bila kuuliza, kati ya 100 na 160 mpaka shirika la ndege likukubalie, zaidi ya hapo husafiri nayo. Ya elfu ishirini ni 74. Akanibadilishia yangu na ya elfu ishirini nikaongeza elfu kumi na tano. Na inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe sio kwenye begi linaloenda chini ya ndege, maana betri hizi zikishika moto chini kule nani atauzima, juu angalau wahudumu wapo. Mnakumbuka ile ndege ya Air Busan iliyoungua Korea Kusini mwezi wa kwanza 2025 ikiwa bado chini haijaruka, wachunguzi wa kule walisema huenda ni pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Baada ya hapo mashirika yamebana. Mi nilipita Dubai na Emirates, wao tangu Oktoba 1, 2025 unaruhusiwa moja tu, chini ya wati-saa 100, na ndani ya ndege huitumii kuchajia wala huichaji, na haiwekwi kabati la juu, unaiweka chini ya kiti au mfuko wa mbele yako. Nikaweka mfuko wa mbele, mhudumu akapita akaangalia akaendelea. Uchina nako ukipanda ndege za ndani kuanzia Juni 28, 2025 wanataka pawabenki yenye alama yao ya usalama ya 3C, ya kwangu haikuwa nayo kwaio mi ndani ya Uchina nilitembea na treni.

Dubai adapta haikutoka hata kwenye begi, matundu yao ni kama yetu. Ila pale eapoti kuna zile soketi za USB kwenye viti, kila mtu kachomeka. Mzee alinipa waya wa elfu nne wenye njia za umeme tu. Waya wa USB wa kawaida una njia za umeme na njia za kupitisha data, na USB ya mtu usiyemjua huwezi kujua nyuma yake kuna nini, hata FBI, wapelelezi wa serikali, wa Denver kule Marekani mwaka 2023 waliwaambia watu waache kutumia zile za bure za eapoti na hotelini, wabebe chaja yao watafute soketi ya ukutani. Simu yangu ndo benki yangu, hela zote za mzigo ziko humo na namba za wateja wote. Kwaio nikatumia chaja yangu ukutani, na pale palipokuwa na USB tu nikatumia ule waya. Unachaji polepole nisidanganye, kwa sababu simu na chaja hazisalimiani hazijui zipeane nguvu kiasi gani, ila unachaji.

Guangzhou chumbani soketi zao zilikubali ile adapta bila shida, imekaza mpaka raha. Siku ya tatu mwenzangu tuliyekuwa tunalala naye, mama wa Kahama, kaweka ekstensheni juu ya adapta yangu, kachomeka jagi la umeme la wati 2000 na pasi ya wati 1000 kwa pamoja mi niko bafuni. Ampia kama 13 na zaidi kwenye fyuzi ya 8. Nikatoka nikakuta anasema umeme umekata. Umeme haukukata, ni fyuzi ilikatika. Nikaishika ile adapta mikono inatetemeka, ni ya vuguvugu tu. Hamna harufu, hamna weusi. Nikafungua kale kachumba, nikatoa fyuzi ya akiba, nikaweka, ikawaka. Yaani nilikaa kitandani nikalia kidogo, mwenzangu hakuelewa nalia nini, nikamhadithia ya Bujumbura.

Basi huduma kwa jumla. Mzee anafungua kama saa tatu, Ijumaa mchana anafunga anaenda kuswali anarudi saa nane, Jumapili yupo nusu siku. Anapokea kwa simu na taslimu. Anarudishia ndani ya siku saba kama kitu kimegoma, niliona mtu akirudisha chaja akabadilishiwa bila maneno. Mabaya yake: risiti hatoi mpaka uombe na mimi kama mfanyabiashara nataka risiti, namba ya vitu alivyonavyo ni ndogo ukienda mwisho wa mwezi unaweza kuambiwa adapta zimeisha subiri mzigo wa Dar, na foleni, kwa sababu kila mteja anasomeshwa chaja yake mpaka aelewe. Ukiwa na haraka ya gari la saa nne usiende saa tatu na nusu. Nenda jana yake. Na beba chaja zako zote unazosafiri nazo, sio simu tu, mpaka ya mashine ya kunyolea, na ya ile taa ndogo ya watoto.

Juzi nilipita tena. Mwezi ujao naenda Mpulungu upande wa Zambia kuangalia soko la vitenge, nikamwambia mzee wangu nitafutie adapta ya Zambia. Akaniuliza chaja yako si ni ile ile? Nikasema ndio. Akanyoosha kidole kwenye ubao, soketi ya kwanza na ya pili, hizi zetu, akasema Zambia watakukaribisha kwa hizo hizo na volti zao ni 230 kama hapa, rudi nyumbani na hela yako mwanangu. Nikanunua fyuzi mbili za akiba, mia tano mia tano, nikaondoka.